Kijitabu kinasema pikapu yangu inavuta, stika ya mlangoni inakataa. Nimsikilize nani?

Nesi_Mume (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kwenu.

Niko Fort Worth, Texas. Mke wangu ni nesi na kazi zake ni za mikataba ya wiki 13. Mkataba ukiisha anapangiwa mji mwingine, na kila tukihama tunaanza upya kuhangaika na nyumba. Kodi za muda mfupi zimetumaliza. Tumeamua tununue tela la kuishi, tuhame nalo kama kobe na gamba lake. Watoto ni wawili, bado wadogo.

Tulilolipenda ni fifthi wili. Kwa asiyeijua, hili halifungwi kwenye bola nyuma ya bampa. Shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye sahani, kama semi na kichwa chake. Lina futi 33. Likiwa tupu lina paundi 9,850, na uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni 12,500. (Mlio nyumbani: paundi 1,000 ni kama kilo 454.)

Pikapu niliyonayo ni F-150 ya milango minne, 4x4, injini ya 3.5 yenye turbo mbili. Kijitabu kinanipa kuvuta paundi 11,000 na ushee. Muuzaji wa matela akaniambia, "Elfu tisa kwa elfu kumi na moja, unabaki na chenji." Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mke wangu ndiye aliyeniuliza mbona stika ya mlangoni imeandikwa 1,620. Nikakosa jibu.

Naombeni mnieleweshe kabla sijasaini. Natanguliza shukrani.

Chaga_wa_Dallas

Mke wako mpe zawadi. Mimi nakaa pembeni nasubiri wajuvi.

Kichwa_na_Tela

Mkuu, nipo barabarani Marekani mwaka wa tisa, na kabla ya hapo nilikuwa njia ya Dar hadi Lubumbashi. Hilo swali la mkeo wengi huja kulijua wakiwa wameshalipa.

Unapambana na namba mbili tofauti. Ya kijitabu ni ya kuvuta. Inakwambia injini, giaboksi na difu vina nguvu gani. Ya mlangoni ni ya kubeba: uzito ambao springi, ekseli, tairi na chasisi vinaruhusiwa kupokea juu yake. Kwenye tela la bola, ya kuvuta ndiyo watu huitazama kwanza. Kwenye fifthi wili, ya kubeba ndiyo inakuishia mwanzo, kwa sababu tela lenyewe linapanda mgongoni.

Tela la bola huikalia pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Fifthi wili ni asilimia 15 hadi 25, na ya kuishi ukipiga kwa 20 hukosei sana. Mimi nauita uzito wa shingo.

Sasa nenda kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile stika nyeupe yenye njano inasema jumla ya watu na mizigo isizidi kiasi fulani. Hiyo ni ya gari lako wewe, limepimwa na viti vyake na kioo chake cha juu. Ya jirani mwenye F-150 kama yako inaweza kupishana na yako kwa mamia ya paundi.

Nipe uzito wa familia nikupigie hesabu.

Nesi_Mume

Mimi 205, mke 160 (ameniruhusu kuandika, kwa shingo upande), watoto 70 na 50. Sahani ya kufunga kwenye bodi wameniambia ina 150. Nina kisanduku cha zana cha kama 60.

Kichwa_na_Tela

Watu 485, ongeza sahani 150, ongeza zana 60. Hiyo ni 695. Toa kwenye 1,620, umebakiwa na 925.

Tela hutalivuta tupu. Kuna nguo, vyombo, mitungi ya gesi, maji. Galoni moja ya maji ni paundi 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 50 peke yake ni paundi 415. Nakukadiria 12,000 siku ya kuhama. Asilimia 20 ya hapo ni 2,400.

Una nafasi ya 925, kinakuja kitu cha 2,400. Umezidisha paundi 1,475. Ni kama umewapakia mgongoni wanaume wanane wazima ambao hawakualikwa.

Tena geuza hesabu. Nafasi ya 925 ukiigawa kwa asilimia 20, fifthi wili lako mwisho ni paundi 4,600 hivi.

Mzee_wa_Theluji

Hizo ndogo ziko bana. Hapa kwetu Minnesota kuna kampuni inaitwa Scamp, wanaunda fifthi wili ya faiba ya futi 19, nyepesi kabisa. Lakini watu wanne mle ndani wiki 13? Mtatoka mkiwa hamuongeleshani.

Diesel_Baba

Mnamtisha bure huyu kaka. Mimi nilivuta fifthi wili la futi 30 na pikapu ya nusu tani (daraja la F-150 yako) miaka miwili, Houston mpaka Denver. Nikafunga mifuko ya upepo kwenye springi za nyuma, gari likakaa sawa kabisa kama halina kitu. Hizo stika ni za wanasheria.

Kichwa_na_Tela

Diesel_Baba, nakuheshimu, ila mifuko ya upepo inainua matako ya gari tu. Uzito haujaenda popote. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi ni zile zile, na breki za kuusimamisha huo mzigo hazikuongezeka hata moja. Ulichofanya ni kuiziba ile dalili uliyokuwa unaiona.

Na kutembea miaka miwili bila tatizo si kipimo. Kila anayepasua tairi la nyuma kwenye mteremko alikuwa na safari nyingi kabla ya hiyo zilizokwenda salama.

Diesel_Baba

Sawa mkuu, sikatai. Ila nilivuta.

Binti_Mariakani

Kuvuta alivuta jamani, muacheni 😂

Swali langu kwa Kichwa_na_Tela. Hii namba ya kijitabu wanaitoa wapi? Haiwezekani kampuni iandike tu.

Kichwa_na_Tela

Zamani ilikuwa karibu na hivyo, kila mmoja na kipimo chake. Sasa kuna kiwango cha pamoja kinaitwa SAE J2807. Toyota walianza kukifuata kwenye Tundra ya 2011, na namba zao zikashuka. Wengine walijivuta miaka kadhaa kabla ya kufuata.

Jaribio lake maarufu linafanyika Arizona, barabara namba 68, mlima wa Davis Dam. Unapanda maili 11.4 na tela, kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Pikapu ya tairi moja moja nyuma haitakiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa, yenye tairi dabo isishuke chini ya 35. Ni jaribio la kweli, na injini za siku hizi zinalifaulu.

Lakini humo ndani wanahesabiwa watu wawili tu, paundi 150 kila mmoja. Nesi_Mume anazo 485 kabla hajabeba hata soksi. Kila kinachoongezeka kinapunguza ile namba ya kijitabu.

Nesi_Mume

Nimeelewa, na nimesikitika. Nimemuuliza muuzaji kuhusu uzito wa shingo, akanionyesha karatasi ya tela: "1,750." Nikamwambia hilo ni tela tupu. Akasema watu wengi hawajali.

Basi nipandishe pikapu. Nimeona ya daraja linalofuata, 2500, ya dizeli, safi, bei inasogeleka. Hiyo si inatosha? Wanaiita robo tatu ya tani.

Mzee_wa_Theluji

Ngoja nikusimulie yangu usije ukalia kama mimi.

Haya majina ya nusu tani, robo tatu na tani moja ni ya zamani, usiyatumie kupima chochote. Nilinunua ya 2500 dizeli, milango minne, 4x4, viti vya ngozi, kioo cha juu. Nikaona sasa nimekuwa mwanaume. Wiki ya pili nafungua mlango nasoma stika: 2,050. Nikadhani wamekosea kuchapa.

Sababu ni kwamba nyingi za daraja hilo zimeandikishwa kwa uzito wa juu (gari pamoja na kila lilichobeba) wa paundi 10,000, basi. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya paundi, na kila kikolombwezo unachoongeza kinakatwa humo humo kwenye 10,000. Rafiki yangu ana 2500 ya petroli ya kawaida, viti vya kitambaa, stika yake inapita 3,000. Gari langu lina nguvu ya kung'oa mti, lakini la kwake linabeba zaidi.

La pili, angalia urefu wa bodi. Yangu ni futi 6 na nusu. Fifthi wili ukikata kona kali, kona ya mbele ya tela inazunguka kuelekea kioo cha nyuma cha pikapu. Mwenye bodi ya futi 8 ana nafasi. Mwenye fupi anahitaji sahani ya kuteleza, inayorudi nyuma wakati wa kona. Ziko za kusukuma kwa mkono kabla ya kuanza kona, ziko zinazojisukuma zenyewe.

Mimi nilikuwa na ya mkono. Tumefika kambini saa nne usiku, mvua, watoto wamelala, mke amesimama nyuma na tochi ananipigia kelele nirudi kushoto. Ile sahani sikuiteleza. Nilisahau, nimechoka. Nimekata usukani mpaka mwisho, narudi polepole kabisa, halafu nikasikia mlio mdogo, kama mtu amekanyaga biskuti. Nikageuka. Kioo chote cha nyuma kimekuwa vipande vidogo kama chumvi ya mawe, vimemwagikia viti vya watoto, na kona ya tela imeingia pale kichwa cha mtoto kingekuwa kama angekaa wima. Hakuna aliyeumia. Mke wangu hakusema neno mpaka asubuhi, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Binti_Mariakani

Wueh. Pole sana.

Tumbili_Mjini

Samahani wadau, mimi niko Arusha. Hilux yangu haiwezi hayo mambo?

Kichwa_na_Tela

Hilux nyingi za 2.8 zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kwa bola, tela liwe na breki zake. Hilo tela la Nesi_Mume ni kilo 5,400 likiwa na mizigo, na shingo yake peke yake ni zaidi ya tani. Hilux itakaa chini kama mbwa.

Nesi_Mume, sikiliza. Tafuta ya tani moja, yaani 350 au 3500. Ziko za tairi moja moja nyuma, stika zake nyingi zinacheza kati ya 3,500 na 4,500, na ziko za tairi dabo zinazopita 5,000. Kwa tela lako ya tairi moja moja inakutosha, ukipata ya bodi ndefu. Usinunue kwa kuangalia tangazo. Mwambie muuzaji akutumie picha ya stika ya mlangoni ya gari lile lile. Akikataa, mpigie mwingine.

Tena ikiwa ya mitumba angalia na tairi. Kuna watu wanabadilisha wanaweka za urembo, zinabeba kidogo kuliko zilizokuja na gari. Soma ubavuni kwenye tairi, zidisha kwa mbili, linganisha na uwezo wa ekseli ya nyuma ulioandikwa mlangoni.

Chaga_wa_Dallas

Na leseni je? Nasikia Texas kuna leseni ya daraja A hata kama hufanyi biashara.

Kichwa_na_Tela

Ndiyo, na hapa ndipo tairi dabo linaweza kumponza. Texas, ukijumlisha uzito wa juu ulioandikwa wa pikapu na wa tela ukafika 26,001, na tela limezidi 10,000, unatakiwa kuwa na daraja A la wasio wa biashara. Tairi dabo nyingi zimeandikwa 14,000. Ongeza 12,500 ya tela, hiyo ni 26,500, umeshavuka. Ya tairi moja moja ya 11,500 ukiongeza 12,500 inakuja 24,000, leseni ya kawaida inatosha. California wana mpangilio wao, kwao fifthi wili ikizidi 10,000 tu wanaanza kukuuliza, kwa hiyo mkataba ukikupeleka huko soma kwanza.

Nesi_Mume

Wakuu, ni wiki ya sita sasa, nimerudi na mrejesho.

F-150 nimeiuza. Nimepata F-350 ya mkononi, dizeli, bodi ya futi 8, tairi moja moja, rangi imechubuka lakini chini haina kutu. Stika 3,750. Uzito wa juu 11,500, ekseli ya nyuma 7,230. Tairi zake ni LT275/70R18 daraja E, kila moja inabeba 3,640, kwa hiyo mbili zinaibeba ekseli. Tela tumelichukua lile lile. Kwa yule muuzaji nimelinunua kwa bei ndogo zaidi, maana mara hii nilikwenda na kalamu yangu mwenyewe.

Jana tulipakia kila kitu. Mke alileta gunia la mchele la paundi 50, sufuria mbili za pilau na kinu. Kinu! Nikamwambia kinu kinakatwa kwenye hesabu. Akasema basi nipungue mimi.

Tukaenda mizani ya CAT, ile ya kwenye vituo vya malori. Mizani yenyewe ni sahani tatu ndefu zilizofuatana chini. Unasogea taratibu mpaka tairi za mbele zikae sahani ya kwanza, za nyuma ya pili, za tela ya tatu. Kuna kitufe juu sana, kimewekewa wenye semi, mimi ilibidi nishuke. Sauti ya dada ikaniuliza namba ya lori na kampuni. Nikasema sina kampuni, nina familia. Akacheka.

Karatasi inasema hivi:
mbele 4,760
nyuma 6,060
tela 9,540
jumla 20,360

Kisha nikaliacha tela kwenye maegesho, nikarudi na pikapu peke yake, watu wote ndani. Mara ya pili ni bei ndogo ukirudi siku hiyo hiyo. Mbele 4,820, nyuma 3,660, jumla 8,480.

Nimepiga hivi, nisahihisheni. Pikapu ikiwa na tela ni 4,760 na 6,060, jumla 10,820. Toa 8,480, shingo ni 2,340. Tela zima ni 9,540 kuongeza 2,340, yaani 11,880. Shingo ni kama asilimia 19.7. Nimebakiwa na 680 mpaka 11,500, na ekseli ya nyuma ina nafasi ya 1,170.

Kichwa_na_Tela

Hesabu imenyooka, sina cha kusahihisha. Umeona mbele imepungua 60 tu? Hiyo ni dalili kwamba sahani imekaa mahali pake, karibu juu ya ekseli. Ingekuwa imerudi nyuma sana, mbele ingepungua zaidi na usukani ungekuwa mwepesi mkononi.

Nilipokuwa nyumbani, mizani ya Vigwaza ilikuwa inanipandisha presha kuliko askari. Ukizidi unakaa, unashusha mzigo. Huku kwenye matela ya kuishi kwa kawaida hakuna anayekupima kwa lazima, ndiyo maana nakupongeza umekwenda mwenyewe.

Diesel_Baba

Hongera mkuu. Na mimi wikiendi hii napita mizani, nione tu.

Binti_Mariakani

Tuletee karatasi hapa.

Mzee_wa_Theluji

Nesi_Mume, mbili tatu za haraka. Pima nafasi kati ya ubavu wa bodi na tumbo la shingo ya tela, ikae kama inchi 6. Ikiwa chini ya hapo, siku unapanda kinjia cha kuingia kambini pikapu ikiinama upande, bodi inabonyea. Hizi F-350 ziko juu, wengi wanalazimika kuinua sahani, halafu tela linanyanyua pua na tairi zake za nyuma zinabeba kuliko za mbele.

Pia lile sanduku kubwa la mizigo la mbele chini ya shingo, usilijaze vitu vizito. Kila unachoweka pale sehemu kubwa inahamia kwenye pikapu. Umeweka nini?

Nesi_Mume

Kinu.

Mzee_wa_Theluji

Kihamishie jikoni, karibu na ekseli za tela.

Nesi_Mume

Nimekihamisha. Nafasi ya bodi nimepima sasa hivi na utepe: inchi 6 na robo kushoto, 6 kasoro kulia. Uwanja wenyewe umeinama kidogo. Kesho asubuhi nasogea penye zege nipime tena, halafu Jumapili tunaondoka kwenda Amarillo.